Jini Halipigwi, Linaulizwa

Mwanafunzi wa sekondari ana kilo tano. Hajakonda. Ukimtazama ni binti mzima, mrefu, nywele zimeshuka hadi kiunoni, kiburi kimejaa machoni. Ila mizani ikiulizwa inajibu tano. Siku anapoteleza kwenye ngazi za shule, kijana anayemdaka anagundua kwamba mikononi mwake hakuna uzito wa mtu. Siri imevuja. Binti anambana kijana kwenye korido, anamwingizia stepla mdomoni, na kabla ya kumwachia anamgonga pini ya shavu ili ajue kwamba habari hii si ya kusimuliwa.

Ndivyo inavyofunguka Bakemonogatari, mfululizo wa katuni za Kijapani uliorushwa kwa mara ya kwanza Julai 2009. Binti anaitwa Senjougahara Hitagi. Aliyemnyang'anya uzito ni kaa, si yule wa kuliwa, bali mungu wa kale mwenye umbo la kaa. Na kijana mwenye shavu la pini, Araragi Koyomi, mwenyewe si binadamu kamili: wakati wa likizo alikutana na mnyonya damu, akaponea chupuchupu, na mabaki ya masaibu hayo yamo mwilini mwake hadi leo.

Aliyelelewa na Naruto au Dragon Ball atajiweka sawa kwenye kiti akisubiri vita. Atasubiri sana. Watu watatu wanakutana kwenye jengo bovu lililowahi kuwa kituo cha masomo ya ziada, wanakaa, wanaongea. Wanaongea ngazini, wanaongea kwenye bustani ya watoto, wanaongea huku wakisukuma baiskeli. Sehemu nzima inaweza kwisha bila mtu kuinua mkono. Kamera nayo inakuwa na vituko vyake: inaganda kwenye jicho moja, kwenye kiti kitupu, kwenye ukurasa wa maandishi unaopita kabla hujasoma mstari wa pili. Mitaa ya mji ule haina mpita njia hata mmoja, kana kwamba dunia imeondolewa watu ili wanaoongea wasikatizwe.

Chanzo ni vitabu vya Nisio Isin, mwandishi anayependa kuchezea maneno kiasi kwamba hata jina lake la uandishi, likiandikwa kwa herufi zetu, husomeka vilevile likianzia mbele au nyuma. Kitabu cha kwanza kilitoka 2006. Studio ya Shaft, chini ya waongozaji Akiyuki Shinbo na Tatsuya Oishi, ikatengeneza sehemu 15: 12 kwenye televisheni, na tatu za mwisho zikamalizikia kwenye intaneti mwaka 2010. Tangu hapo zimefuata nyingi, zikiwamo filamu tatu za Kizumonogatari za 2016 na 2017, na mwaka 2024 bado mpya zilikuwa zinatoka. Kwa kazi ambayo watu wake hukaa tu na kupiga soga, huo si umri mdogo.

Swali langu ni kwa nini kitu kama hiki kimkae vizuri moyoni mtu aliyekulia Sumbawanga. Maana kinakaa. Kwenye vibanda vya kujaziwa muvi kwenye flashi, katuni za Kijapani siku hizi zina folda zao pembeni ya sizoni za Kikorea na za Kituruki, na vijana wanaozifuata hawabaki kwenye za mapigano peke yake. Jibu rahisi ni kwamba vijana ni vijana popote. Mimi nadhani lipo jibu la kwao kabisa, na linaanzia kwenye ile sehemu ya pili ya kisa cha kaa.

Aliyeombwa msaada ni Oshino Meme, mzee kijana wa mashati ya maua, sigara mdomoni isiyowashwa kamwe, asiye na makazi. Si padri wala daktari. Anajua tu mambo ya viumbe hao. Usiku wa tambiko anabadilika: anavaa mavazi meupe ya kuhani, anamwagiza binti akaoge maji baridi, anamketisha mbele ya madhabahu, anamwambia ainamishe kichwa. Halafu anaanza kumuuliza. Jina lako nani? Unasoma shule gani? Ulizaliwa lini? Mwandishi gani unampenda? Maswali ya kitoto, na binti anajibu mojamoja kwa sauti ya chini. Kisha, bila sauti ya Oshino kupanda wala kushuka, linakuja lile lingine: katika maisha yako, ni jambo gani lililokuuma kuliko yote?

Hapo ndipo kisa kizima kinamwagika. Mama aliyejitosa kwenye dini ya matapeli. Kiongozi wa dini hiyo aliyejaribu kumnajisi binti, mama akiwa anajua na asimlinde. Nyumba iliyovunjika, baba aliyebaki na madeni. Binti alipokutana na kaa alikuwa amechoka kubeba mawazo ya mama yake, na kaa akampunguzia mzigo, akauchukua pamoja na uzito wa mwili. Kumbe hakuibiwa. Aliomba mwenyewe, hata kama hakujua anaomba nini. Mwishoni Oshino amemgeuza kaa chali na yuko tayari kumponda, binti anamzuia. Anainama hadi chini, anamwomba kaa radhi, anamshukuru kwa miaka yote ile, na anaomba arudishiwe mawazo yake. Oshino huwa hapendi kuambiwa kwamba ameokoa mtu. Kwake mtu hujiokoa mwenyewe, yeye ni msaidizi tu.

Sasa njoo Ufipa, kwao Sumbawanga.

Mtanzania wa mbali akisikia Sumbawanga, kabla hajakumbuka mahindi hukumbuka ungo wa wachawi. Ukisema umetoka huko unaulizwa kama ulipanda basi au ulisafiri usiku. Wafipa wenyewe wamechoka kukanusha, wengi wanaugeuza mzaha kuwa mtaji: ukiwazidi bei sokoni watakukumbusha unaongea na mtu wa wapi. Ukweli wa nchi yenyewe ni wa kawaida zaidi. Ni uwanda wa juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, umebanwa katikati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Juni na Julai upepo wa hapo unamfanya mgeni kutoka Dar es Salaam anunue koti la mtumba siku ileile anayoshuka kwenye basi. Watu wanalima mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na mababu zao walijulikana kwa ntumba, vile vichuguu vya udongo vinavyofunika majani yaoze yawe mbolea. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1880, aliwasifu kwa upole na bidii ya jembe. Hakuandika habari za ungo.

Lakini mizimu ipo, na si haya kulisema. Kinachosahaulika na wapiga mzaha ni namna inavyoshughulikiwa. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, akapelekwa hospitali na kurudi vilevile, wazee hawaanzi na panga wala na moto. Wanaanza na maswali. Mganga naye, kabla hajagusa mzizi, anauliza. Mmetoka wapi? Huyu ni mtoto wa ngapi? Mahari ya mama yake ilikwisha? Kuna shamba mliloligawana? Nani alifariki na hamkumlilia vizuri? Mara ya mwisho kutambika ilikuwa lini, na nani hakuitwa? Mgonjwa anajibu, shangazi anamsahihisha, mjomba anaguna, na ndani ya saa moja ukoo mzima umewekwa mkekani. Wakati dawa inapotolewa, nusu ya kazi imeshafanyika, na wengine tungesema zaidi ya nusu.

Ng'ambo ya mpaka, kwa Walungu wa upande wa Mbala, na huku kwetu pia, pepo aitwaye ngulu akimpanda mtu huwa na lake la kusema. Pwani ndiyo kabisa: kwenye kupunga pepo, mganga hamchapi pepo, anamhoji. Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Naye pepo, kwa kinywa cha mgonjwa, pengine kwa lugha asiyoijua mgonjwa, anataja jina lake, anataja udi anaoutaka, nguo anayoitaka, na wakati mwingine anamsema mume wa mgonjwa maneno ambayo mke hangethubutu. Mapatano yakifikiwa pepo hutulia. Kijana aliyewahi kusimama dirishani akasikiliza kikao cha namna hiyo hatashangaa kumwona Oshino akiuliza siku ya kuzaliwa. Atashangaa tu kwamba hakuna ngoma.

Wajapani wana katuni nyingine iliyolifanya jambo hili kuwa sheria. Mononoke ya 2007, iliyoongozwa na Kenji Nakamura, ina sehemu 12 na mhusika mmoja wa kudumu, Muuza Dawa, anayezunguka na sanduku mgongoni. Ana upanga wa kuulia majini, lakini upanga hautoki alani mpaka ajue mambo matatu: umbo la jini, kisa kilichotokea, na uchungu uliolizaa. Kwa hiyo kazi yake yote ni kuwafungia watu ndani ya nyumba na kuwauliza mpaka uongo uwaishie. Mara nyingi jini lenyewe ni mjakazi aliyedhulumiwa au mtoto ambaye hakuachwa azaliwe. Upanga unapochomoka, kesi imekwisha zamani.

Narudi kwa Bakemonogatari, maana kisa chake cha nyoka kingeweza kutungwa Laela au Matai. Sengoku Nadeko ni binti mdogo mwenye haya. Kijana alimtaka, akamkataa. Kumbe rafiki yake alikuwa anampenda kijana huyohuyo. Kwenye shule kuna hirizi na maapizo yanayosambazwa kwa wanafunzi, rafiki akatumia moja. Sasa Nadeko anaviringwa na nyoka asiyeonekana, alama za magamba zinapanda mwilini siku hadi siku. Alijaribu kujiagua mwenyewe kwa kitabu cha dukani akaharibu zaidi. Siku ya kumwondoa inagundulika kwamba nyoka ni wawili: mmoja wa rafiki, wa pili wa yule kijana aliyekataliwa. Hapa ndipo Araragi anapofanya ambalo shujaa wa katuni hufanya, anamrukia nyoka amuue, na rafiki wa Araragi mwenyewe anamkamata amzuie. Nyoka asiyefanikiwa hurudi kwa aliyemtuma. Ukimrudisha kwa hasira, kesho utazika mtoto mwingine wa shule.

Mtu wa Rukwa hahitaji kufafanuliwa kitu kinachotumwa na kurudi. Radi za Ufipa ni za kweli, hupiga kila msimu wa mvua, huua ng'ombe na watu, na wataalamu wa hali ya hewa wanaweza kukueleza vizuri kwa nini uwanda wa juu hupigwa. Ila kijijini, radi ikishapiga, swali la umeme hujibiwa haraka na swali la pili hubaki likizunguka miezi: nani, na kwa lipi? Na hofu ya "kurudishiwa" huwafanya hata wenye hasira kupima maneno yao. Nyoka naye ana heshima yake. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake Man and Beast cha 1974 jinsi Wafipa walivyomhusisha chatu na mizimu ya nchi. Chatu wa namna hiyo hapigwi. Hupokewa.

Willis alirekodi pia ngano na masimulizi ya Wafipa, akayachapa mwaka 1978. Ukiyasikia yakisimuliwa unaona mambo yaleyale: msimulizi haelezi sana sura ya mtu wala mandhari, anabadilisha sauti. Sungura anauliza, simba anajibu, mke anaingilia. Watoto wa Ufipa walikuwa wakilala kwa bibi, na bibi alikuwa ndiye redio.

Juu ya hayo wakaja mapadri. White Fathers waliingia Karema, kwenye mwambao wa Tanganyika, mwaka 1885, na ndani ya vizazi viwili Ufipa ikawa moja ya sehemu za Kikatoliki zaidi nchini. Walikuja na katekisimu, na katekisimu ni mazungumzo. Swali, jibu. Swali, jibu. Babu ambaye hakujua kuandika jina lake aliweza kukuongoza kutoka uumbaji hadi kiyama kwa kuulizwa na kujibu, bila kupepesa. Kisha kuna kitubio: sanduku la mbao, giza, pazia, na sauti inayouliza mara ngapi. Sisemi mapadri walikuwa waganga, mapadri wenyewe wangenichapa. Nasema kwamba mtoto wa Sumbawanga amefundishwa kutoka pande mbili, kwa bibi na kanisani, kwamba mambo yasiyoonekana huendewa kwa kinywa.

Na ndiyo maana yanapoendewa bila kinywa mambo huharibika. Miaka ya 1963 na 1964 Ufipa ilipitiwa na wimbi la Kamchape, wasaka uchawi waliofuata nyayo za Mchape wa kutoka Nyasaland miaka thelathini kabla. Willis alikuwapo, na mwaka 1968 aliandika walivyofanya kazi: vijana wanaingia kijijini, watu wanakusanywa, wenye uchawi wanatajwa, wanachanjwa, wanatolewa vitu vyao, kijiji kinatangazwa kuwa safi. Walioendesha walikuwa zaidi vijana, waliotajwa zaidi wazee. Katika Mchape wa kwanza, ule ulioenea kwa Wabemba mwaka 1934, watu walipangwa mstari na kupita nyuma ya mgongo wa msaka uchawi, naye akiwatazama kwenye kioo kidogo mkononi. Aliyeonekana mchawi kwenye kioo alikuwa mchawi. Hakuulizwa kitu. Mahari, shamba, kilio, vyote vilivyokuwa vikihojiwa mkekani, kioo hakikuwa na haja navyo.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali kwenye vitabu, na bado kila baada ya muda tunasoma habari za wapiga ramli waitwao lambalamba au kamchape, na mwisho wake mara nyingi ni nyumba iliyochomwa na kikongwe aliyeuawa. Hicho ndicho kitisho halisi cha nchi hizi, na hakina jini hata moja. Nimesema haya kwa sababu filamu zetu zimeifuata njia ya kioo. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta, katika miaka ya 2000, watu walizikimbilia, nami sikosi shukrani kwa mtu aliyethubutu kutisha kwa bajeti ile. Lakini waliomfuata wakabaki na meno, damu na moshi. Mchawi anajulikana tangu dakika ya kwanza kwa rangi aliyopakwa usoni. Mchungaji anaingia, anakemea, mchawi anaanguka. Hakuna aliyemuuliza yule bibi alikuwa anadai nini.

Nakiri kwamba mazungumzo matupu ni vigumu kuyauza. Bakemonogatari huja na maandishi ya Kiingereza chini, nayo yanakimbia; ukinywa chai umepitwa na mzaha na pengine umepitwa na chanzo cha jini. Kwenye kibanda umiza cha video haifai kabisa. Utamaduni wetu wa kutafsiri muvi umejengwa juu ya filamu za vitendo, ambapo sauti moja inatosha. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kama Lufufu, alikuwa fundi wa kazi hiyo: alisimulia, aliigiza, aliwapa wahusika majina, aliweka na mashauri ya kwake. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliyemwandikia makala mwaka 2010 aliita sanaa hiyo kugeuza wali kuwa pilau. Kenya kuna DJ Afro, Kampala kuna mavijei wao. Ni sanaa nzuri ambapo picha inaongea na mtafsiri anachombeza. Hapa picha imenyamaza na maneno ndiyo nyama. Ukiweka Lufufu juu ya Senjougahara utapata Lufufu peke yake.

Ila tuna urithi mwingine unaofaa, na umekaa bure. Watu wa Ufipa waliishi miaka mingi na Redio Tanzania Dar es Salaam ikiwafikia kwa taabu, ikipotea na kurudi, na waliifuata michezo ya redio kwa masikio yaliyotegwa. Twende na Wakati ilipoanza mwaka 1993 watu walijadili wahusika wake kama majirani. Hapakuwa na picha. Palikuwa na mlango unaofungwa, kikohozi, na watu wawili wanaobishana. Anayeweza kukaa nusu saa akisikiliza mabishano ya watu asiowaona ameshafuzu kutazama Bakemonogatari. Televisheni nayo imeonyesha kwamba inawezekana: tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipowekewa sauti za Kiswahili mwaka 2011, kila mhusika na sauti yake, wanawake waliacha sufuria jikoni. Na ile ilikuwa ni maneno matupu ya mke na mkwe.

Tukienda kwenye vitabu, hatuna sababu ya kuwaonea wivu Wajapani. Ebrahim Hussein aliandika Mashetani mwaka 1971. Juma na Kitaru, vijana wawili wasomi, wanacheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na mchezo unamganda mmoja hadi anaugua. Daktari haoni ugonjwa. Shetani wa tamthilia ile hana pembe, yumo kwenye historia ya familia zao, kwenye mali iliyopotea na fahari iliyobaki, na anajitokeza katika wanavyoongea, wanavyocheka mahali pasipochekesha. Vizazi vya wanafunzi vimekariri dhamira zake kwa ajili ya mtihani na kusahau kwamba ni kisa cha kutisha. Ningependa siku moja kuwaona watengeneza katuni wa Dar es Salaam au Nairobi wakiushika mbuyu ule.

Bado sijataja kinachowarudisha watazamaji wengi, nacho si majini hata kidogo. Ni ulimi wa Senjougahara. Anamtukana Araragi asubuhi, mchana na jioni, kwa ustadi, kwa sura isiyotikisika, na Araragi anarusha lake naye hajui kushindwa. Mzungu anayeandika kuhusu mfululizo huu huhangaika kueleza kwa nini matusi hayo yanaonekana kuwa mapenzi. Kwetu jambo hilo lina jina na kanuni zake. Ni utani. Mtani anaweza kukuita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zako, na usipomjibu utakuwa umemkosea. Ndiye anayekuja msibani, wakati ndugu wote wameshikwa na kwikwi, akajilaza pembeni ya jeneza na kudai marehemu aondoke na deni lake. Watu wanacheka wakiwa na machozi. Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka kwa sababu kila mtu anajua hasemi kwa chuki. Senjougahara aliyevunjwa na mama yake hawezi kumwambia mtu kwamba anamhitaji. Anaweza kumwambia kwamba sura yake inachosha. Araragi anaelewa, kwa kuwa naye ni mtani.

Lakini mzazi asome na hili. Mfululizo huu una tabia ya kuwatazama wasichana wadogo kwa jicho ambalo si la heshima, na utani wa Araragi na mtoto Hachikuji, yule aliyepotea njia na konokono, unavuka mpaka mara nyingi. Wapo wanaosema ni kejeli, kwamba msimulizi ni Araragi na tunaona upuuzi wa akili yake. Nimeisikia hoja hiyo na hainitoshi. Kuna picha ambazo hazimkejeli mtu, zimewekwa kuuza. Si katuni ya kumwachia mwanafunzi wa msingi kwenye simu ya mama, na kijana mkubwa akitazama ajue kwamba wajanja nao huteleza. Kisa cha Hachikuji chenyewe, ukiondoa uchafu huo, ni kati ya vilivyotungwa vizuri kuliko vyote: mtoto anatafuta nyumba ya mama yake, haifikiki, na ni mazungumzo, neno kwa neno, yanayofichua nani hasa amepotea na nani hataki kurudi nyumbani.

Anayetaka kuanza aanze na Bakemonogatari ya 2009 kwa utaratibu uliotoka, asidanganywe na orodha za kupanga visa kwa tarehe za matukio. Mwandishi alivificha kwa makusudi. Sehemu mbili za kwanza zitamwonyesha kama ana subira. Akivuka, avumilie hadi ya 12. Humo hakuna jini. Senjougahara amemwalika Araragi kwenda mlimani kutazama nyota, miadi yao ya kwanza, na Araragi anagundua kwamba dereva ni baba wa binti. Safari ni ndefu, gari ni dogo, mzee hasemi. Kwenye kiti cha nyuma binti, kwa sauti inayosikika hadi mbele, anaanza kumuuliza mpenzi wake maswali: unanipenda kitu gani hasa? Hebu taja. Araragi, aliyewahi kusimama mbele ya mnyonya damu, anajikuta hana la kusema. Kijana yeyote wa Sumbawanga aliyewahi kukaa na mkwe mtarajiwa kwenye basi la Tunduma ataifahamu hofu hiyo bila kusoma maandishi ya chini.